Kupanda Wae Rebo: maelekezo kwa mwenye magoti kama yangu

Mtoto wa kaka yangu anasoma Yogyakarta, Indonesia. Nilipomwambia nakuja kumtembelea likizo ya mwezi wa nane, alinijibu, "Shangazi, ukija nitakupeleka kijiji kisichofika gari." Nikadhani ananitania. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Wete, hamsini nimeshaipita, na goti langu la kulia hulia kama mlango wa zamani. Lakini nilikwenda, nikapanda, nikalala huko juu, nikashuka. Tangu nirudi watu hawaachi kuniuliza njia. Kwa hiyo naandika mara moja, tuwe tumemaliza.

Wae Rebo ni kijiji cha Wamanggarai, kisiwani Flores, mashariki ya Bali, mlimani kwenye mita kama 1,100 juu ya bahari. Nyumba zake za asili ni saba tu, zimezunguka uwanja wa majani. Kila moja ni paa refu la umbo la pia lililoshuka mpaka karibu na ardhi, ukuta huuoni. Ukizitazama kutoka juu ya kilima utasema mtu kapanga makawa saba juu ya jamvi la kijani, chakula kiko chini yake bado cha moto.

Mambo ya viza na tiketi siyagusi, yanabadilika kila msimu. Ubalozi wa Indonesia upo Dar es Salaam, waulizeni wenyewe. Naanzia Labuan Bajo, mji wa bandari magharibi ya Flores. Unafika kwa ndege kutoka Denpasar, Bali, saa moja na kidogo. Wageni wengi hushuka hapo kwenda kuwaona mijusi wakubwa wa Komodo, kisha hurudi zao. Wewe toa fedha taslimu hapo hapo, noti ndogo ndogo, maana ukishaingia vijijini mashine za benki usahau. Na nunua tangawizi mbichi. Utanishukuru baadaye.

Njia ziko mbili. Mwenye fedha hukodi gari kutoka Labuan Bajo, anapita mabonde ya mpunga ya Lembor, kisha anakata kusini mpaka Denge, kijiji cha mwisho chini ya mlima. Ni saa tano au sita. Mwenye fedha kidogo hupanda gari la abiria hadi Ruteng, mji wa baridi juu milimani, saa nne hivi, analala, kesho yake anateremka upande wa pili. Sisi tulipita Ruteng, na hata ukinipa gari la bure bado nitapita Ruteng. Njia yenyewe ni kona juu ya kona. Dereva wetu alikuwa akiimba, abiria mmoja akitapika kwenye mfuko wa plastiki kwa adabu kabisa, na mimi nikitafuna tangawizi macho yamefumba.

Sababu ya kupita Ruteng ni mashamba. Kabla ya kufika mjini kuna mahali panaitwa Cancar. Shuka hapo, panda kilima kidogo, lipa kiingilio, kisha angalia chini. Mashamba ya mpunga yamekatwa kama utando wa buibui: kitovu katikati, na mistari inatoka pande zote hadi ukingoni. Wenyewe huita shamba la namna hiyo lingko, na kitovu chake lodok. Nilikaa juu ya jiwe mpaka mtoto akachoka kunisubiri.

Hivi ndivyo ardhi inavyogawiwa. Kuna mzee wa ardhi, tua teno, ambaye si mkuu wa kijiji. Mkuu ni mwingine, huitwa tua golo. Huyu wa ardhi husimika mti kitovuni, na vipande hupimwa pale pale kwa vidole, kisha mistari inavutwa hadi mpaka wa nje. Kipande cha mtu huitwa moso, nalo neno hilo maana yake ni kidole. Kitovuni mtu kapata upana wa kidole, lakini mstari ukifika ukingoni kidole kimekuwa shamba zima. Aliye mkubwa katika ukoo hupata kipande kinene, mdogo hupata chembamba, ila wote wanagusa kitovu. Mimi natoka Pemba, mahali ambapo mtu anaweza kuwa na mikarafuu yake mitatu ndani ya shamba la mwenziwe, na ndugu wa tumbo moja wasisemezane miaka kumi kwa sababu ya mpaka wa minazi. Nilihesabu vile vipande kama mtu anayesoma hukumu.

Weka picha ya utando huo kichwani. Utaikuta tena ndani ya nyumba.

Sasa kwa Mwislamu, chakula. Labuan Bajo hakuna tabu, Waislamu ni wengi na msikiti uko karibu popote. Ukipanda milimani, Wamanggarai wengi ni Wakatoliki, na vibanda vya chakula huuza kila kitu. Ukiona kibao kimeandikwa RW, pita moja kwa moja: hiyo ni nyama ya mbwa. Tafuta mikahawa ya Padang. Utaijua kwa sahani zilizopangwa kwa ngazi dirishani, nao wenyewe ni Waislamu wa Sumatra Magharibi. Ruteng ipo. Kula ushibe, na nunua mayai ya kuchemsha ya njiani.

Lugha isikutishe. Kiindonesia na Kiswahili vimenyonya maziwa ya watu wale wale. Habari kwao ni kabar, wakati ni waktu, karatasi ni kertas, msimu ni musim, sabuni ni sabun, dunia ni dunia. Meza wanaita meja, bendera ni bendera, nanasi ni nanas. Hizo Mreno alitugawia sote. Mwanamke mtu mzima upande ule wa Flores anaitwa Mama, kama kwetu, kwa hiyo nilikuwa Mama tangu kiwanja cha ndege bila kujitambulisha. Kaka ndugu mkubwa ni kakak. Ila kuna mitego. Usimwite msichana "dada", kwao dada ni kifua. Wala usiagize "kuku". Utakuwa umeagiza kucha. Mtego mbaya zaidi ni saa. Wao huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo "jam tujuh", yaani saba, ndiyo saa yetu moja. Mwanangu yule amekaa kwao miaka mitatu, akaniambia tunaondoka saa tatu, kumbe alikuwa amechanganya mwenyewe. Tulilikosa gari.

Gari lenyewe wanaliita oto kol. Mtu wa Unguja au Pemba atalijua akiliona: lori lililojengewa bodi ya mbao, mabenchi, hamna madirisha. Tofauti ni kwamba la kwao lina muziki wa kupasua kifua, na juu ya paa wanakaa watu, mifuko ya mchele, na siku yetu pia nguruwe mmoja aliyefungwa ndani ya kikapu, kwa hiyo nilibadilisha benchi. Huondoka Ruteng kituo cha Mena asubuhi, likijaa, hadi Dintor na Denge. Uliza dereva mara mbili kama linafika Denge kabisa. Likikuacha Dintor, kuna bodaboda. Wao husema ojek. Tulipolikosa lile la kwanza ilibidi tuchukue ojek mbili kwa safari nzima, na sipendekezi, mgongo ulikuja kunidai siku tatu.

Upande wa kusini unateremka hadi unaona bahari na kisiwa cha Mules mbele yako, kimelala kama nyangumi. Kutoka Dintor njia inapanda tena hadi Denge. Huko nilisimama nikanusa kabla sijaona. Karafuu! Zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, nyekundu zinageuka hudhurungi, na makonyo yake yamewekwa kando kama kwetu. Mti wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, kaskazini mashariki ya hapo, na kwetu ulifika mwanzoni mwa karne ya 19. Nilihisi nimekwenda kuwatembelea ukweni.

Lala Denge. Kuna nyumba za wageni, mto wa kulalia si laini, maji ni ya baridi. Jioni hiyo hiyo tafuta mwenyeji wa kukupandisha, mtu wa kijiji chenyewe, na mkubaliane bei kabla ya kulala. Njia imechongeka vizuri na kijana mwenye nguvu anaweza kusema hahitaji mtu. Anahitaji. Si kwa njia, ni kwa mlango, nitaeleza. Wetu alikuwa baba wa miaka arubaini hivi, kandambili miguuni, akabeba mkoba wangu kifuani na gunia la mchele mgongoni, kwa sababu kila kitu kisichoota huko juu hupandishwa na mtu.

Anza saa 12 asubuhi. Kipande cha kwanza, hadi mto unaoitwa Wae Lomba, kina barabara ambayo pikipiki inapita. Lipa pikipiki, usione haya. Kutoka hapo ni miguu. Wenye miaka ishirini hutumia saa moja na nusu hadi mbili. Mimi nilitumia tatu na robo, na sikumwomba radhi mtu. Vaa viatu vya kamba vyenye meno chini. Vaa suruali chini ya gauni, soksi ndefu, na uchomeke suruali ndani ya soksi, kwa sababu ya ruba. Kiangazi ni wachache, masika ni jeshi. Njoo kati ya Mei na Oktoba. Akikung'ang'ania usimvute, mnyunyizie chumvi kidogo ataachia mwenyewe. Mtandio mrefu usiuache unaning'inia, matawi yanaushika. Maji lita moja na nusu yanatosha. Bakora ya mti utaikuta pale mtoni, walioshuka huziacha.

Msitu wenyewe ni mzito, wa ukungu, ndege wanaita na huwaoni. Kipande kigumu ni cha kwanza baada ya mto, kinapanda tu, hakina huruma. Ukifika Poco Roko, ambako ukiangalia nyuma unaona bahari, umeshalipa sehemu kubwa ya deni. Hapo ndipo nilipokaa chini nikamwambia mtoto aende akaone, aje anihadithie. Mwenyeji akachuchumaa, akanimenyea ndizi, hakusema kitu. Tulipomaliza ndizi tukaondoka.

Baadaye njia inaanza kuteremka, unaingia kwenye mibuni, na kuna kibanda cha mianzi. Simama. Hapa ndipo wageni wengi wanaharibu. Kijiji unakiona chini, ukungu unafunguka na kufunga, na mkono unakwenda kwenye simu wenyewe. Wangu ulikwenda. Mtoto akanishika kifundo: "Shangazi, bado." Mwenyeji anagonga gogo la mianzi lililotundikwa pale, kodoo, kodoo, na huko chini wanajua kuna wageni. Kutoka hapo hupigi picha, husimami kuongea na mtu, huingii nyumba yoyote, wala hukanyagi jukwaa la mawe la duara lililo katikati ya uwanja. Linaitwa compang, ni mahali pa wazee waliotangulia. Unakwenda moja kwa moja nyumba kubwa, unavua viatu, unainama kuingia.

Ndani ni giza na moshi wa kuni. Macho yakishazoea utamwona mzee amekaa kwenye mkeka. Mnakaa chini, miguu mmeikunja, msiinyooshe kumwelekea. Kikundi hutoa sadaka kidogo, sisi tulitoa rupia 50,000, na anayejua mila ndiye anayeikabidhi; hiyo ndiyo kazi ya mwenyeji niliyosema. Kisha mzee anasema kwa Kimanggarai, polepole, na hasemi na wewe. Anawaambia mababu kuna watu wamekuja, wapokelewe, wasiugue, na wakiondoka wafike kwao salama. Wanaita wae lu'u. Akimaliza, wewe si mgeni tena, ni mtoto wa nyumba aliyerudi. Simu ukaitoe sasa, upige unavyotaka.

Mimi ni Mwislamu na nilijiuliza nafanya nini pale. Nikaona ni kama hodi. Kwetu mtu haingii ua wa watu na kamera mbele, hubisha, akaitikiwa, akakaribishwa. Waliniletea tuak, pombe yao, mtoto akaeleza hatunywi, mzee akacheka akaagiza kahawa. Nilipouliza pa kusali, mama mmoja alisogeza mikeka miwili, akauliza naelekea wapi, nikamwonyesha magharibi, akahamisha na mtoto wake aliyelala ili asiwe mbele yangu.

Hizo nyumba huitwa mbaru niang. Zina urefu wa mita 15 hivi, zimejengwa bila msumari, zimefungwa kwa henzerani, na kuezekwa kwa majani. Ukilala chali ukaangalia juu, boriti zinatoka kitovuni kushuka pande zote, na hapo utakumbuka Cancar: ni lile lile shamba, limesimamishwa juu ya kichwa chako. Ndani ni ghorofa tano. Chini wanakaa watu, familia kadhaa katika nyumba moja, kila moja na chumba chake kwenye ukuta wa duara na jiko katikati. Juu yake ni uchaga wa chakula na vyombo. Wa tatu ni wa mbegu za msimu ujao. Wa nne ni akiba ya mwaka wa njaa. Wa tano, kileleni, ni wa sadaka za mababu. Mbegu zimewekwa chini ya akiba na juu ya chakula cha leo, na nikafikiri juu ya mama yangu, aliyekuwa akificha mbegu za mahindi juu ya moshi wa jiko ili sisi tusizile.

Nyumba hizi zilikaribia kwisha. Mwaka 2008 zilibaki nne tu, ndipo msanifu majengo wa Jakarta, Yori Antar, akafika na vijana wake, wakaona wazee bado wanajua kujenga. Wakatafutiwa fedha, wakajenga wao wenyewe, vijana wakijifunza, hadi zikatimia saba. Mwaka 2012 UNESCO ikawapa tuzo ya juu ya uhifadhi kwa eneo la Asia na Pasifiki. Wenyeji hawakulizungumzia sana. Walizungumzia zaidi babu yao Maro, ambaye wanasema alitoka Minangkabau, huko huko kwa wenye mikahawa ya Padang, na jinsi ukoo wao hauli ngawa mpaka leo.

Sasa ushauri wangu mkubwa: lala. Usiwe kama wale wanaopanda, wanapiga picha, wanashuka adhuhuri. Nilipokwenda, usiku mmoja ulikuwa rupia 325,000 kwa mtu, zaidi kidogo ya dola 20, chakula ndani yake. Wageni hulala nyumba moja, magodoro yamepangwa duara, wanaume kwa wanawake, kwa hiyo mwanamke aje na kanga mbili: moja ya kujifunika, moja ya kufunga pazia. Chukua sweta nene. Mimi nilichukua koti la mvua nikadhani linatosha, na usiku nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo. Umeme uliwashwa magharibi, ukazimwa kama saa nne usiku. Mtandao hakuna. Choo kipo nje, kisafi, maji ni barafu. Chakula ni wali, mboga, mayai, pilipili ya kutwanga. Kulikuwa na kuku pia. Suala la kuku niliwaachia masheikh, mimi nilikula mayai.

Asubuhi ndiyo iliyonilipa. Kabla ya jua kufika nilisikia kinu. Nikatoka. Akina mama wawili wanatwanga kahawa kavu kwa zamu, mchi huu unashuka huo unapanda, na mwenzao anapepeta kwenye ungo. Nikaomba mchi. Wakacheka mpaka waliponiona nimeshika mwendo, ndipo wakanyamaza. Hatukuwa na lugha, lakini nilikaa nao hadi jua likapanda. Kahawa ndiyo fedha yao, nunua kwao, usiinunue Labuan Bajo. Nguo zao za kufuma, songke, pia nunua kwa aliyefuma.

Niliwachukulia watoto mfuko wa peremende, na hilo lilikuwa kosa langu. Wenyeji wanaomba usigawe peremende wala fedha, watoto wataanza kuwafuata wageni. Vitabu na kalamu wanapokea, lakini mpe mtu mzima. Watoto wengi hata hawapo siku za shule. Wanakaa Kombo, kijiji pacha kilicho chini, kwa sababu hakuna mtoto wa kupanda na kushuka mlima ule kila siku. Siku ya penti, Novemba, ukoo wote hupanda kushukuru mavuno na kufungua mwaka. Kuna mvua na ruba, lakini walioiona siku hiyo wanasema uende.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda kwa mwenye goti. Funga bendeji kabla, sio baada. Tumia bakora, teremka upande upande. Na jambo ambalo hakuna aliyetuambia: oto kol la kurudi Ruteng huondoka Denge kabla ya alfajiri. Ukishuka saa nne asubuhi limeshakwenda zamani. Ama ulale tena Denge, ama uagize ojek mapema kupitia mwenyeji, kabla hujapanda.

Sisi hatukuagiza. Mtoto akaenda kutafuta pikipiki, mimi nikabaki kwenye ngazi ya nyumba moja, mguu nimeunyoosha. Mama wa hapo alikuwa anachambua karafuu, anang'oa vikonyo kwa kuzisugua kwenye kiganja, hasa kama tunavyofanya sisi. Nikavuta ungo. Alinitazama vidole, akasema kitu nisichokielewa, akanimwagia rundo lingine mbele yangu. Pikipiki ilikuja baada ya saa mbili. Tulikuwa bado hatujamaliza.